Kilio Kilichopanda Mlimani

Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mpaka kwenye benchi letu, mbele ya kibanda cha fundi redio, ukachanganyika na mvuke wa kahawa hata usijue kipi ni kipi. Fundi alikuwa ameinamia kompyuta na redio ya upepo, ile ya kubonyeza ndipo useme. Shangazi mtu alikuwa amemletea kilio cha mtoto mchanga, dakika moja tu, kimerekodiwa wodini jana. Baba mtoto, mwana wa kaka yake, yuko mlimani kwenye kituo cha kupima mvua. Simu haishiki huko, na barabara imekatika.

Kinyozi: Si uweke maiki mbele ya spika, yaishe?

Fundi: Nimeshaweka. Baba mtoto akasikia mvua na pikipiki za huku tu. Nikachomeka waya moja kwa moja, ikatoka sauti kama bati linachanwa.

Profesa, ambaye hajawahi kufundisha popote, akapuliza kikombe chake.

Profesa: Kompyuta inasema kwa namba, redio inasema kwa upepo. Hapo anatakiwa mkalimani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kinyozi: Mgeni gani tena?

Profesa: Sauti.

Kinyozi: Mimi naona kilio kina maji. Mtoto mwenyewe katoka majini jana. Kianikwe kwanza.

Profesa: Au kinapanda, kinakwaruzwa na mawingu. Tungoje ukungu uondoke.

Kinyozi: Mpaka mtoto aote meno?

Shangazi: Jamani.

Alisema taratibu, lakini vikombe vyote vilitua.

Shangazi: Mara mbili mkewe kajifungua, na mara mbili watoto wametoka kimya. Jana nimemwambia kwenye redio, huyu mzima. Kanijibu, “Shangazi, msinifariji.”

Fundi akapasha moto chuma chake cha kuchomelea nyaya.

Fundi: Maiki imezoea kunong'onezwa. Kompyuta inaipigia kelele sikioni. Nitaweka rezista hapa katikati, sauti ipungue, ipite kwa kudondoka.

Profesa: Nilijua! Debe tupu haliachi kuvuma.

Kinyozi: Kunywa kahawa, Profesa.

Moshi wa risasi iliyoyeyushwa ukapanda, ukapotelea kwenye ukungu. Fundi akabonyeza. Kilio kikaondoka, nasi tukainua nyuso kama watu wanaosindikiza ndege. Akaachia. Redio ikakoroma peke yake, muda mrefu.

— Rudieni, ikasema sauti ya mbali.

Akarudia. Mkoromo tena.

— Rudieni.

Mara ya tatu, kinyozi alikuwa amevua kofia.

— Nimemsikia, baba mtoto akasema. Sauti yake ilikuwa imelowa. Nimemsikia, Shangazi. Sasa... analia nini?

Shangazi akaishika maiki kwa mikono miwili, akicheka huku machozi yanamtoka, asijue abonyeze aseme nini.