Karafuu kwa Fukusi

Benchi la mbele ya kibanda cha fundi viatu lilinuka karafuu asubuhi ile. Harufu ilitoka kwa Mizani, mlinzi wa ghala la ng'ambo ya barabara, aliyeshika kikombe cha kahawa bila kukinywa. Ghalani mlikuwa na magunia thelathini ya mahindi ya kikundi cha akina mama, akiba yao ya miezi ya njaa. Wiki iliyopita aliona ungaunga chini ya magunia, akajua fukusi wameingia. Dawa ya dukani aliiogopa. Mahindi yale ni ya kuliwa na watoto. Profesa, muuza magazeti mwenye jibu la kila swali, akamshauri mafuta ya karafuu. Mizani akanyunyiza chupa nzima. Leo kaamka kawakuta fukusi wanapanda ukuta kwa afya njema.

— Hawajafa, alisema. Wananenepa.

— Wamelewa tu, alijibu Profesa. Mafuta ya mimea hupanda kichwani kwanza. Wape siku tatu.

— Za kulewa au za kula? aliuliza Soli, fundi viatu, misumari mdomoni. Kosa ni karafuu, bwana. Karafuu si dawa ya jino? Umewatibu meno, Mizani. Sasa wanatafuna vizuri zaidi.

Mizani akakiweka kikombe chini ya benchi.

— Mngetumia mchaichai, Soli aliendelea.

— Mchaichai ni wa mbu! alipinga Profesa. Fukusi ana ukoo wake. Huyu anataka mkaratusi, tena pembe nne za ghala, akikimbilia huku anakutana nao, kule anakutana nao.

— Si atabaki katikati, kwenye mahindi? aliuliza Mizani.

— Atabaki, lakini hana amani!

Mama mwenyekiti wa kile kikundi akatokea. Hajawahi kusimama kijiweni pale hata siku moja.

— Kaka Mizani, mahindi yetu yanaendeleaje?

Profesa akamweleza yote, ulevi na pembe nne. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

— Haya. Mlipoyanyunyiza hayo mafuta, madirisha yalikuwa yamefungwa?

Profesa akachungulia ndani ya kikombe chake. Soli akaanza kuhesabu misumari. Mizani akahisi masikio yanamchoma, maana alikumbuka vizuri: harufu ilimshika kichwa, akafungua madirisha yote na mlango, akaenda kukaa nje.

Angeweza kusema hakumbuki.

— Niliyafungua, dada. Kichwa kiliniuma.

— Kwa hiyo aliyefukuzwa ni wewe.

Soli alicheka mpaka akatema msumari. Mama hakucheka.

— Mimi nilijaribu nyumbani, kwenye pipa lenye mfuniko. Matone machache, nikaliziba wiki mbili. Walikufa. Lakini lile ni pipa. Ghala zima sijui, na sitakudanganya.

Wakavuka barabara wote wanne, wakafungua gunia moja moja. Matatu yalikuwa vumbi tupu. Mengine yaliweza kuokolewa, ila yatolewe yote, yaanikwe juani, yapepetwe.

Mizani akachomoa ufunguo wa ghala mfukoni, akaunyoosha mbele ya mama.

— Bora mumtafute mtu mwingine.

Mama akautazama ule ufunguo, hakuupokea. Akashusha ungo uliotundikwa ukutani, akautia mkononi mwa Mizani.

— Anza na gunia lile la mlangoni. Na wewe Profesa, vua koti.