Mama Chadia na Mbuzi Tisa wa Wamaza

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya mifugo hapa Kasongo, Mama Chadia Amisi anastaafu tarehe 30 Juni. Aliajiriwa kuosha chupa. Anaondoka akiwa mkuu wa meza ya sumu, na hadi wiki iliyopita chupa zake aliziosha mwenyewe, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kumridhisha.

Kwa wasioijua kazi yake: mnyama akifa ghafla, yeye hutafuta katika ini na tumbo kama kuna dawa ya kuua wadudu wa shambani. Husaga kipande, hukichuja, hudondosha tone kwenye kibao chenye unga mweupe, hukisimamisha kibao katika kimiminika kidogo, kisha husubiri alama ipande. Ikifika kimo cha dawa anayoijua, sumu imetambuliwa.

Tutamkumbuka zaidi kwa safari ya kijiji cha Wamaza. Alikuwa kule kwa chanjo, asubuhi ambayo mbuzi tisa wa mkulima Salomon walikufa wakitokwa na povu mdomoni. Salomon alimshuku jirani yake Souleymane, mchuuzi wa dhahabu aliyehamia kutoka Kivu, kwa kuwa walikuwa wamegombana juu ya mpaka wa shamba. Vijana wa kijiji wakampa Souleymane siku tano ahame na watoto wake. Wakati huohuo mbuzi walishaanza kuchunwa ili waliwe.

Mama Chadia aliagiza wazikwe wote. Mwenye kisu hakuamini.

"Mama, nyama yote hii, iko muzuri hivi, tuzike?"

"Muzike," alijibu. "Mukitaka kulia, mulie. Lakini muzike."

Aliweka vipande vya ini na vya tumbo katika chupa mbalimbali, akarudi Kasongo kwa pikipiki ya Dady, dereva wetu, ambaye njia nzima alivaa barakoa mbili.

Kwenye kibao, alama ilikuwa moja kwa mbuzi wote: dawa ya wadudu. Lakini matumboni aliona pia punje za mahindi zenye rangi ya waridi. Zilikuwa mbegu za kupanda, zilizopakwa dawa. Siku ya nne alirudi Wamaza, akamwomba Salomon amwonyeshe mbegu zake. Gunia lilikuwa nyuma ya jiko, limeraruliwa, kinyesi cha mbuzi kimelizunguka.

Salomon alitembea hadi mlangoni pa Souleymane, vijana wakimfuata, akasema mbele ya wote: "Nilikukosea. Sumu ilitoka kwangu."

Souleymane alikuwa ameshafunga mizigo. Mkewe alianza kuifungua bila kungoja mazungumzo yaishe.

Sasa Mama Chadia anahamia shamba lake la karanga, Lusangi. Mama, asante kwa ukali wako, na kwa kicheko kilichosikika hadi barabarani. Tunakutakia afya, mvua kwa wakati wake, na asubuhi nyingi ambazo hakuna mtu atakayebisha hodi kwako akiwa na ini kwenye mfuko.