Mwalimu Aliyemshushia Selina Wimbo

Mheshimiwa Diwani, Baba Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu wageni waalikwa mliotoka Singida Mjini, na ninyi wa kule nyuma mliofuata harufu ya pilau: nawasalimu wote. Wanaostahili shikamoo yangu hapa Mtinko wamebaki wawili, na mmoja naona amesinzia.

Nimetumwa na wenzangu wa sauti ya besi nimuage Mwalimu Hezekia, anayestaafu kufundisha kwaya na kuhamia kwa wanawe Utemini. Mimi Alute niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Kurefusha ni kazi ya wasomi.

Mnamkumbuka Mama Selina kabla hajapasuliwa goita ya shingoni? Alikuwa akianzisha wimbo, mbuzi wanaacha kula. Aliporudi kutoka hospitali sauti ilikuwa imeshuka, nzito kama ya shemeji yake. Jumapili ya kwanza, alipofika pale juu kwenye wimbo wa mavuno, sauti ikakatika, akakaa chini mbele ya watu. Wiki ileile kikao cha kwaya kikaamua, kwa upole mwingi, apumzishwe. Na nani hajui kwamba kanisani kupumzishwa ni kufukuzwa kwa maombi?

Mwalimu akatusikiliza mpaka tukaishiwa. Kisha akanigeukia mimi.

"Mzee Alute, mama akinenepa, unamrudisha kwao au unapeleka gauni kwa fundi?"

Nikasema kwa fundi, tena kwa sauti, maana mke wangu mwenyewe alikuwa amekaa na waimbaji wa alto.

Sisi tulidhani wimbo huzaliwa na kimo chake. Kumbe zile do-re-mi za ubaoni hazikufutwa hata moja. Mwalimu alitoa tu do ya chini zaidi, kila mtu akajipanga kuanzia hapo. Selina akaanza, akafika pale pagumu, akapita. Wanaume wakasingizia vumbi machoni.

Lakini wimbo ukishuka, besi waende wapi, na tayari tulikuwa sakafuni? Tukanguruma kama mashine ya kusaga inayoishiwa dizeli. Nikalalamika. Mwalimu akaniambia pale nisipofika nifunge mdomo. Nimefunga miaka yote hii, na sijasikia mtu aliyeomba niufungue.

Sasa, Mwalimu Peniel, mrithi wa Hezekia, karibu sana. Jana mazoezini ulisema wimbo wa mavuno urudi juu kama ulivyoandikwa, na Selina ahamie kwa waitikiaji. Mwanangu, kinanda chako kina kitufe cha kushusha wimbo. Mwenzako alishusha bila umeme. Mama yule pale, amevaa sare, anakunja leso na kuikunjua. Hajui kama leo, siku ya kumuaga aliyemrudisha, ataanzisha au ataitikia. Utamwambia wewe, au kinanda?

Naam, naona kidole kinatafuta. Teremka. Teremka tena, usituhurumie sisi besi. Hapo hapo.

Mwalimu Hezekia, Mungu akutunze. Ninyi nyote, nawashukuru kwa kunivumilia.

Mama Selina, simama uanze.