Aliye Juu Tulimngoja Chini

Ijumaa, tarehe 30 Juni, mwendesha winchi wa karakana yetu ya reli alikamilisha miaka thelathini na mitatu ya utumishi na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Katika majalada ya ofisi ana jina lake kamili na namba yake. Sisi tuliofanya kazi chini ya kibanda chake tulimwita Mama Juu.

Wageni wa karakana huwa hawamwoni. Huona vichwa vya treni vilivyofunguliwa matumbo, mabehewa yaliyopandishwa kwenye magogo na mafundi wenye ovaroli zilizokolea grisi. Mpaka jozi ya magurudumu ipite hewani mbele yao ndipo wanapouliza nani anaendesha. Wakiinua macho wanaona kibanda cha vioo kikining'inia chini ya paa, na ndani yake mwanamke mwenye kilemba na miwani, ametulia kana kwamba yuko sebuleni kwake.

Alizaliwa katika nyumba za reli, ng'ambo ya ukuta wa karakana, mtaa ambao saa yake ilikuwa king'ora. Baba yake alikuwa fundi boila enzi za mvuke. Wakati huo karakana ilikuwa mji ndani ya mji: ilifua misumari yake yenyewe, iliyeyusha na kusubu vyuma vya breki, ilichonga hata madawati ya shule ya watoto wa wafanyakazi. Mtoto wa mtaa ule hakuulizwa akikua atakuwa nani. Aliulizwa ataingia kitengo gani. Ila swali hilo waliulizwa wavulana. Yeye aliingia kwa mlango wa nyuma, na ufagio mkononi.

Alifagia ukumbi wa mitambo kwa miaka kadhaa, akitazama juu zaidi ya alivyotazama takataka, kama alivyolalamika msimamizi wake. Mwendesha winchi wa siku zile alipoanza kupatwa na kizunguzungu, hakutokea fundi aliyetaka kupanda ngazi ile ndefu. Yeye akaomba. Sababu za kumkatalia zilikuwa nyingi kuliko watu waliozitoa: atasinzia, ataogopa, atataka kushuka kila baada ya muda kwenda kupiga soga. Wengine walimtania kwamba aliye juu mngoje chini. Msimamizi akampa jaribio la kumaliza ubishi. Birika kubwa la chai, limejaa pomoni, litundikwe kwenye ndoano na livushwe ukumbi mzima bila kumwagika. Birika lilifika. Tangu siku hiyo chai ya saa nne ikawa inasafiri kwa winchi, kinyume cha kanuni, na msimamizi aliyeikemea tabia hiyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha kikombe.

Kuna kanuni nyingine ambayo lazima ielezwe, maana bila hiyo habari za Mama Juu hazisimuliki. Kule juu hakusikiki neno kwa kelele za nyundo, kwa hiyo mwendesha winchi huongozwa kwa ishara za mikono. Ishara za kuinua, kushusha na kusogeza hutolewa na mtu mmoja tu, mfunga mizigo. Lakini ishara ya kusimama, yaani mkono ulioinuliwa juu ya kichwa, hutolewa na yeyote, awe meneja au mfagizi, na mzigo hausogei mpaka mkono huo ushuke. Imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu.

Haikuandikwa bure. Zamani mwendesha winchi alimtazama mfunga mizigo peke yake. Siku moja mafundi waliinua mikono, winchi ikaendelea kushusha, na mwenzao mmoja hakutoka mzima chini ya boila. Baba yake Mama Juu alikuwa miongoni mwa walioinua mikono. Chama cha wafanyakazi kiliitisha mgomo, karakana ikanyamaza kwa wiki mbili, na watu waliporudi kazini ukuta ulikuwa umeshapakwa rangi. Binti yake alipopanda ngazi kwa mara ya kwanza, mzee alimpa wosia mfupi: "Mwanangu, ukiona mkono, simama. Sababu utauliza baadaye."

Kisha mvuke ukaondoka, ikaja dizeli, na baada ya dizeli mizigo ikahamia kwenye malori. Kitengo cha kusubu vyuma kilifungwa, kikafuata cha useremala. Kila mara tuliambiwa ni kwa muda. Hatimaye ikafika zamu ya mashine ya kukereza magurudumu, yaani kuyachonga upya yakichakaa, ambayo uongozi wa wakati huo uliamua kuiuza. Kila mtu alielewa maana yake. Gurudumu lililochakaa lisipokerezwa hapa, treni haina la kufuata hapa, na bila treni hakuna karakana.

Mama Juu aliagizwa kuinua mashine hiyo na kuiweka kwenye lori la mnunuzi. Meneja alimweleza mapema kwamba akikataa atafukuzwa siku hiyo hiyo. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia; watoto watatu na mama mkwe walikuwa wakila kwa kibanda kile. Asubuhi ile alipita katikati yetu bila salamu, na sisi, kusema kweli, hatukumsalimu. Mmoja alitamka neno msaliti, si kwa sauti ya chini. Akapanda.

Mfunga mizigo wake, tuliyemwita Kimya kwa sababu maneno yake yote yaliishia mikononi, alifunga minyororo, akatoa ishara ya kuinua. Mashine ikaacha sakafu ilipokuwa imekaa tangu enzi za mvuke. Hapo fundi mkerezaji, aliyeitumia tangu ujana wake, akainua mkono kuiaga. Baadaye aliapa kwamba hakukusudia zaidi ya hapo.

Winchi ikasimama.

Ilituchukua muda kuelewa. Mkerezaji alipotaka kushusha mkono, jirani yake alikuwa ameshainua wake, na baada yake mwingine. Meneja alipiga kelele ambazo hazikufika juu. Akaamuru Kimya atoe ishara ya kusogeza. Kimya, mtu wa kufuata kazi, akaitoa vizuri kabisa, na Mama Juu akanyoosha kidole kuelekea maandishi mekundu. Meneja akainua mkono kuomba utulivu. Kwa hesabu za kibandani, huo nao ulikuwa mkono.

Tulipokezana hadi alasiri. Yeye hakuweza kushuka, kwa kuwa kanuni inakataza kuacha mzigo hewani. Ndoano ilikuwa na kazi, kwa hiyo chai yake ilipandishwa kwa kamba, na aliyeivuta kamba hiyo ndiye aliyemwita msaliti asubuhi. Mwandishi wa makala haya alikuwepo, na bega lake liliuma wiki nzima. Huko ofisini viongozi wa chama na wakuu walibishana mpaka lori likaondoka tupu. Ndipo mikono ikashuka, na mashine ikarudishwa pale pale ilipotoka.

Aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu kueleza kwa nini alikataa amri. Waliohudhuria wanasema alijibu kwa sentensi mbili. "Sikukataa kazi. Niliona mkono." Kamati, baada ya kutazamana, haikupata pa kumshika.

Karakana haikurudi kuwa mji. Nusu ya ukumbi bado ni ghala, na king'ora hakilii tena. Lakini mashine ile inakereza hadi leo, na wengi wanaosoma makala haya wameajiriwa baada ya siku ile. Miaka yote tumemuuliza kama kweli hakuweza kutofautisha mkono wa kuaga na mkono wa kusimamisha. Jibu lake ni kwamba ukiwa kule juu, mkono ni mkono.

Ijumaa alasiri alishusha ndoano tupu, akamkabidhi kibanda mrithi wake, mfagizi wa zamani aliyemfundisha mwenyewe, akaanza kushuka ngazi. Alipofika katikati aligeuka, akakuta ukumbi mzima umeinua mikono, mafundi, makarani na meneja wa sasa. Akasimama. Mkono mmoja ulishika chuma, mwingine ulifuta miwani, na hakushuka hata kipago kimoja. Nasi hatukuwa na haraka, kwa maana tulikuwa hatutaki aondoke.

Kimya, ambaye naye alistaafu zamani, alikuwa amealikwa. Alisogea hadi mahali pake, akatazama kulia na kushoto kuhakikisha njia iko wazi, akanyoosha kiganja kuelekea sakafuni na kukishusha polepole. Mikono yetu ikashuka. Naye akashuka.

Mama, ahsante kwa kila mzigo uliopita juu ya vichwa vyetu bila kutugusa. Tunakuombea afya, wajukuu watundu na maisha mema ya huku chini. Ukijisikia kusimama, simama tu. Sababu hatutauliza.