Klabu ya Kuzika Magari

Kona yangu iko Nyakasanza, hapa Bunia, pale njia ya vumbi inaingia mu barabara kubwa. Kuko kiti murefu ya mbao, thermos mbili za kahawa ya Mahagi na tangawizi, vikombe munane, na juu ya kile kiti, kila asubui, kuko banaume batatu benye kujua kila kitu. Mimi ni Mama Kavira, ninauzisha kahawa, na sitaficha: ile kahawa inanilisha, lakini maneno yenye ninasikia pale inanichosha kuliko kuteka maji. Hao batatu ni bakubwa ba Volan ya Dhahabu, usukani ya dhahabu, klabu ya benye magari. Prezidan ni Evariste, mwenye tunaita Klaksoni, ni kusema honi, juu hanyamazi hata kama barabara iko wazi. Sekretere ni Prince, tunaita Artikle, juu kitabu ya sheria za klabu haitoke chini ya kwapa yake. Wa tatu ni Kambale, anauzisha vipande vya gari vyenye vimekwisha kutumika na anaapa kama ni vipya. Yeye tunaita Orijino. Ni mutu wa Butembo kama mimi, na haya yake ninaibeba mimi. Ile asubui magari yao tatu ilisimama ngambo ya barabara, imeoshwa mpaka inangaa, kila moja na alama ya klabu kwenye kioo.

Saa mbili na nusu simu ya Klaksoni ikalia. Alikuwa Didier, memba mwenzao, anapiga kutoka Iga Barrière. Klaksoni akafungua sauti, juu anapenda batu bote bajue kama anatafutwa.

— Prezidan, gari imekufa, Didier akasema. Ilitoa moshi, kisha kimya. Niko na mama mukwe ndani, ninamutoa Mongbwalu. Haoni tena, macho yote mbili. Docteur ya macho anafunga liste ya majina ya bagonjwa leo saa kumi, na kesho anapanda ndege. Siwezi kumuacha, siwezi kuacha gari, batatoa magurudumu. Munitumie gari moja tu.

— Pole sana, ndugu yangu. Usiguse kitu. Klabu inakuja.

Akakata simu. Halafu, badala ya kusimama, akanyoosha kikombe niongeze.

KLAKSONI: Munaona? Njo siku kama hii klabu inajulikana.

ORIJINO: Kabisa. Nani anaenda?

KLAKSONI: Klabu inaenda.

ORIJINO: Klabu ni nani?

KLAKSONI: Ni siye bote.

Nikawaambia: kama ni siye bote, basi hakuna mutu. Balinisikia vizuri. Bakakunywa.

ARTIKLE: Mungoje. Hatuwezi kuenda sawa batu ba soko. Kuko sheria.

Akafungua kitabu. Hapa inafaa mujue ile sheria ilitoka wapi. Siku banaanzisha klabu, hakuna mwenye alijua kuandika sheria. Artikle akachukua za chama ya matanga ya avenue yao, ile yenye inasaidiana kama kuko kifo, akaandika upya. Kila pahali iliandikwa "mutu", akaweka "gari"; pahali ya "docteur", akaweka "fundi". Hakubadilisha kitu ingine. Siku ya kupiga kura, bote bakainua mukono, juu ilikuwa karibu saa ya kula. Mimi nilikuwa pale, nilileta kahawa, nikacheka peke yangu.

ARTIKLE: Artikle ya tatu. "Gari ya memba ikikufa, bamemba bote bataenda pamoja, gari safi, mustari moja, na maua." Artikle ya ine. "Fundi mwenye kujulikana ataandika karatasi ya kifo." Artikle ya tano. "Mwili hautasogezwa mbele jamaa haijafika."

ORIJINO: Mwili gani?

ARTIKLE: Gari.

MIMI: Na mama mukwe?

ARTIKLE: Mama mukwe hayuko mu sheria.

MIMI: Iko mu gari.

ARTIKLE: Inawezekana. Lakini sheria haimujui.

KLAKSONI: Mama Kavira, haraka haraka haina baraka. Fundi ya Iga anapima gari leo, anaandika karatasi, kesho saa tatu siye tunapanga mustari. Maua nimekwisha kuagiza. Mupiga picha pia anakuja.

Niliuliza kama docteur naye amekwisha kuagizwa angoje. Akaniambia niangalie biashara yangu. Ninaiangalia, nikasema, iko imekaa mbele yangu na inakunywa bila kushukuru.

Basi bakaanza. Munajua vile banaume banaanza. Mutu mumoja anakohoa, anaweka kikombe chini, na Ituri yote inatengenezwa.

ORIJINO: Mimi ninaona klabu inafaa kusaidia bamemba zaidi. Tutafute kamio, lori yetu ya kuvuta magari yenye imekufa.

ARTIKLE: Na kamio ikikufa njiani?

ORIJINO: Tunakuwa na ya pili ya kuvuta ya kwanza.

ARTIKLE: Na ya pili?

ORIJINO: Kidole moja haivunji chawa, Artikle. Tunakuwa na ya tatu. Mwishoni kamio za kuvuta zinapangana toka hapa mpaka Mongbwalu, na memba hana tena lazima ya gari.

KLAKSONI: Hiyo ni mawazo ya mufundi. Shida haiko gari. Shida ni barabara. Mimi ninasema barabara iingie mu klabu.

ARTIKLE: Iingie namna gani?

KLAKSONI: Iwe memba. Ikiharibika tunaiita mu kikao, tunaiuliza mbele ya batu bote juu ya nini inatufanyia hivi. Mutu akiitwa mu kikao mara tatu bila kujibu, anafukuzwa. Barabara pia.

ORIJINO: Tukifukuza barabara, tutapita wapi?

KLAKSONI: Mutoto umuleavyo ndivyo akuavyo.

Nilingoja anieleze ile mithali inaingia hapa kupitia mulango gani. Hakueleza. Artikle akatikisa kichwa kama mutu mwenye amepokea hekima.

Kwenye saa tatu na nusu, simu ikalia tena. Didier.

— Prezidan, kuko lori ya mbao inashuka Bunia. Shofere ni mutu muzuri. Anasema atafunga kamba anivute mpaka kwenu, bure. Mu saa moja na nusu tuko pale. Nikubali?

Nilisema mu roho: Mungu iko. Nikasimama na thermos mu mukono. Klaksoni akaangalia Artikle. Artikle akaweka kidole juu ya sheria ya tano na akainua macho.

— Hapana, Didier, Klaksoni akasema. Unataka uingie mu muji unavutwa na mbao za batu, na alama ya Volan ya Dhahabu kwenye kioo? Batu batasema nini? Wacha lori iende. Siye tuko njiani.

— Muko njiani kweli?

— Tuko njiani.

— Asante, Prezidan. Mama, klabu iko njiani, tukamusikia anasema na ule mama mu gari. Kisha akakata.

MIMI: Njiani gani, Evariste? Makalio yako iko kwa kiti yangu.

KLAKSONI: Mu roho tuko njiani.

Nilimuita Evariste, jina ya batizo, juu kuna saa jina ya mchezo haitoshi. Sikuwa tena na kicheko. Nilimuwaza ule mama, amekaa mu gari yenye haisongi, anasikia lori inapita karibu yake na haioni. Yeye anaamini. Mutu mwenye haoni hana njia ingine kama si kuamini yenye anaambiwa.

ORIJINO: Mama Kavira, usikasirike. Mwenye shida ni sheria, na sheria tunaweza kuirekebisha. Mimi nimekwisha kupata wazo.

MIMI: Wazo yako ina magurudumu?

ORIJINO: Sikia. Kule pori ya Epulu banalinda banyama ba okapi juu gani? Juu zimebakia kidogo. Sasa hesabu mu Ituri gari yenye inatembea bila kukohoa. Imebakia kidogo kuliko okapi. Klabu ikate pori, izungushe miti, tuweke magari yetu ndani, na mulinzi kwenye mulango. Hakuna kuendesha, hakuna kugusa. Bageni banakuja kuyaangalia.

KLAKSONI: Na memba?

ORIJINO: Memba anatembea kwa miguu, lakini anajua gari yake iko salama.

ARTIKLE: Ni muzuri. Hakuna gari itakufa, basi hakuna matanga, basi klabu haitachoka.

KLAKSONI: Andika.

Na ule mutu akaandika. Ninawaambia kweli, nilimuona anaandika.

Saa ikapita hivyo, pori ya magari ikapata mulango wa pili, kisha kwaya ya kuimbia magari yenye imezeeka, kisha Klaksoni akataka bamemba bavae shati nyeupe siku ya mustari. Bakabishana juu ya shati mpaka saa saba. Kama shati iko na mukono murefu ao mufupi. Nilisukutua vikombe vyenye vilikuwa safi, juu mikono yangu ilitafuta kitu ya kufanya isiyo kupiga mutu.

Saa saba na nusu Ornella akafika. Ni bibi ya Didier, mutoto wa ule mama mu gari, anafundisha batoto ba darasa ya kwanza, mutu wa sauti ya chini. Alikuwa na bahasha kubwa ya hospitali mu mukono. Alitembea mbio, lakini alipofika alisalimia kwanza, mumoja mumoja, vile mama yake alimufundisha.

ORNELLA: Bapapa, asubui imepita muzuri? Mama Kavira, jambo.

KLAKSONI: Semeki, shemeji yetu, karibu. Ukae.

ORNELLA: Sitakaa. Nilikuja kushukuru. Didier aliniambia muko njiani tangu saa tatu na nusu. Niko nangojea mama kwa hospitali, bamenipatia namba, nikaona saa inaenda, nikasema niulize hapa kwa kiti kama mumerudia mu njia ingine.

Ornella akageuka, akaona magari tatu ngambo ya barabara. Aliziangalia moja, ya pili, ya tatu. Jua ilipiga juu ya kioo.

KLAKSONI: Semeki, kila kitu iko tayari. Kesho saa tatu kamili tunatoka. Magari tatu, mustari moja, maua. Didier hatasahau.

ORNELLA: Kesho mutafika Iga?

KLAKSONI: Bila shaka.

ORNELLA: Barabara inapitika?

ORIJINO: Inapitika vizuri. Jana nilitoka kule.

ORNELLA: Mafuta iko mu gari?

KLAKSONI: Imejaa, semeki. Yote tatu.

Alisema ile neno na kifua mbele. Ornella akashika bahasha na mikono mbili.

ORNELLA: Basi papa, munisaidie kuelewa. Kama gari tatu zinaweza kufika kesho kuangalia gari yenye imekufa, juu ya nini moja haiwezi kufika leo kuchukua mama yangu mwenye iko muzima?

Hakupandisha sauti. Aliuliza vile anauliza batoto ba darasa ya kwanza, na akangoja, kama anavyowangojea.

Orijino akaangalia viatu vyake. Artikle akafungua kitabu, akapindua ukurasa ya kwanza, ya pili, akaenda mpaka nyuma, akarudia mbele. Funguo ya gari ya Klaksoni ilikuwa juu ya kiti, katikati yake na kikombe. Mukono yake ilienda pale. Nilifikiri anaichukua. Akachukua kikombe.

Ornella akainua mukono kwa motari mwenye alikuwa anapita na pikipiki yake.

— Iga na kurudi, akamuambia. Kurudi tutakuwa watatu. Kuko mama muzee, haoni, nitamuweka katikati yetu. Usikimbie kwenye mashimo, lakini mbele ya saa kumi tuwe hospitali.

Motari akaangalia jua, akasema atajaribu. Mimi nilifungua kitenge kiunoni, nikabaki na sketi ya chini, batu baone, haidhuru. Nikamupa Ornella.

— Ujifunge naye, mugongo yake kwa tumbo yako, nikamuambia. Kama mutoto. Na kichwa umufunike, vumbi isiingie mu macho mbele ya docteur.

Akanishukuru, akapanda. Ile pikipiki ikaenda, ikapita karibu sana na magari tatu, vumbi ikakaa juu yake yote.

Siye tukabakia. Nilihesabu mu kichwa: kuenda, kumushusha mama, kumufunga, kurudi polepole juu ya mashimo. Saa kumi ilikuwa karibu sana. Kama lori ya mbao ingekubaliwa, ule mama angekuwa amekaa kwa hospitali tangu asubui, na namba yake mu mukono.

Klaksoni akakohoa.

KLAKSONI: Ule mutoto ana haraka. Mama Kavira, kahawa iko?

MIMI: Imeisha.

Thermos mbili zilikuwa zimejaa, na bote batatu baliziona.