Wimbo Uliokatwa Puge

Funga mlango, Agnetha mkamwana wangu, uwaambie hao wa uani wapunguze sauti, kisha urudi ukae, maana wewe ndiwe shahidi. Nestory, sogea. Elieth, nawe sogea, usisimame hapo mlangoni kama mtu anayengoja basi. Najua mmekuwa mkiingia chumba hiki kwa zamu tangu nilipoanguka, mmoja akitoka ndipo mwingine aingie, mkadhani baba yenu haoni. Leo nimewaita pamoja kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima, na neno nililonalo sitaliweza mara mbili.

Nisikilizeni, wanangu. Mimi Zablon Masanja nitazikwa Puge, kando ya mama yenu Martha, na hilo halina mjadala. Kaburi siliogopi. Ninawaogopa ninyi mtakaosimama juu yake. Mjomba wenu Ngassa ametuma salamu kutoka Ziba kwamba safari hii anakuja na ngoma za ukoo na vijana wa kuzipiga, aone nani atamnyamazisha. Wewe Nestory, mwalimu wa kwaya, umeshawafanyisha watu wako mazoezi ya nyimbo za maziko yangu, nimewasikia kupitia dirisha hili, nami bado nakunywa uji. Na wewe Elieth umeshaazima spika mbili kubwa kwa wenzako wa pale stendi unakowajazia watu nyimbo kwenye flashi. Jeneza langu mmelifanya kiwanja cha mashindano! Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi zenyewe ni mimi niliyelala hapa.

Mnajua nilivyowalea. Babu zetu walipita njia hii kwa miguu, kutoka Ujiji mpaka pwani, pembe na vitambaa mabegani. Mimi nimeipita njia hiyohiyo katika behewa la mwisho, gadi wa treni mwenye bendera na taa, na mzigo wangu ulikuwa kanda. Kule Kigoma alikuwapo rafiki yangu Vedasto, akinipa rumba zilizovuka ziwa, nami nikimpelekea dansi ya Dar es Salaam, taarabu ya pwani na kwaya za hapahapa Tabora. Hatukuuziana. Sheria yetu ilikuwa kwamba ukipewa wimbo unadaiwa wimbo, tena uwe wa aina ambayo mwenzako hajaizoea, na usimwambie kwamba ni mzuri. Mwambie, “Sikiliza pale gitaa la pili linapoingia,” kisha funga mdomo. Taarabu Vedasto aliichukia, akisema ni wanawake wanasutana kwa vinanda, nami sikubishana naye, nikaendelea kumpelekea. Alipofiwa na mkewe alinikumbatia pale stesheni mbele ya abiria, akaniambia ni kanda moja ya taarabu tu iliyomliza akalia vizuri. Wimbo ni mgeni, wanangu. Unaukaribisha, unaupa kigoda, na hujui utakuponya lini.

Ndiyo sheria niliyoileta katika nyumba hii. Kila Jumapili, tukishatoka kanisani na kula, kila mmoja aliweka wimbo ambao wengine hawajausikia, na hakuna aliyefungua kinywa mpaka uishe, hata kama ulimkera. Ukiisha sikuuliza nani kaupenda. Niliuliza, “Mmesikia nini?” Mama yenu alikuwa akiwashinda wote, anasikia mpaka mpigaji anapovuta pumzi.

Sasa mmekua, mmoja anaita muziki wa mwenzake uchafu, na mwingine anaita wa mwenzake usingizi. Nestory, usiinamishe kichwa, nakuuliza: ile sauti ya tatu uliyowapa kwaya yako, mpaka watu wakaja kutoka Nzega kuisikiliza, uliitoa wapi? Uliitoa kwenye rumba ya Vedasto, mwanangu, nami niliitambua nikiwa kwenye benchi la nyuma, nikacheka peke yangu mpaka jirani akanikata jicho. Na wewe Elieth, unayeongeza sauti ya singeli kila wanakwaya wanapopita, ulipokuwa mchanga hukulala mpaka kaka yako akuimbie tenzi za kanisani. Ni yeye aliyekufundisha kusikiliza, kisikilizio kimoja sikioni kwake, kimoja sikioni kwako, vichwa vimegusana pale kwenye ngazi. Nani kawaloga?

Nalijua jibu, na nitalisema, kwa sababu penye wazee haliharibiki neno. Ni siku ile ya Puge. Mama yenu alikuwa binti wa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, na kwa kina Ngassa watu walilima kwa wimbo: manju mbele anaimba, wenye majembe nyuma wanaitikia, na wimbo wa kulimia haukatwi mpaka tuta liishe, maana ukiukata unawaacha watu na majembe hewani. Martha alimwachia Elieth kanda ya wimbo wa baba yake, akamwambia siku ya kumzika upigwe wote. Elieth akaupiga kwa redio kaseti. Nawe Nestory, mbele ya mchungaji, mbele ya wajomba zako, ukaenda ukauchomoa waya, kwa kuwa uliona aibu kwamba mama wa mwalimu wa kwaya anazikwa kwa ngoma. Ngassa akaokota fimbo yake akaondoka kabla ya udongo kujaa. Elieth akakutukana matusi ambayo sikujua anayajua. Nami nilisimama pale kama mtu aliyebaki na jembe hewani, na hata sasa mikono yangu haijashuka.

Elieth, usitabasamu. Wewe uliuweka wimbo bila kuwaambia watu ni wa nani na unakwenda wapi, ukaongeza sauti ili kaka yako akome. Huko si kumkaribisha mgeni, huko ni kumrushia mtu mgeni dirishani. Ngoma ivumayo sana hupasuka.

Agnetha, maji. Kidogo tu. Basi.

Sasa mali. Nyumba hii ni yenu wote wawili, na haiuzwi. Shamba la Puge mtalima pamoja na watoto wa Ngassa, kwa sababu mama yenu amelala humo. Lile sanduku la mninga lenye kanda nimeligawa mwenyewe. Nestory, wewe unachukua rumba, dansi, taarabu na ngoma. Elieth, wewe unachukua kwaya zote. Ndiyo, nimesema vizuri, akili ninayo. Siku ya kunizika, Nestory atachagua ngoma ya Ngassa ya kupigwa, aende Ziba mwenyewe kuiomba, amwamkie mjomba wake kwa heshima na akae mpaka aambiwe inuka. Elieth atachagua wimbo wa kwaya, naye ndiye atakayesimama kuwaambia watu pa kusikiliza. Yeyote atakayemkatiza mwenzake, sanduku zima liende kwa Ngassa, na asiniite baba.

Limebaki moja. Lile redio kaseti pale juu ya kabati mmekuwa mkilipita tangu tulipotoka kumzika mama yenu. Sikulifungua. Kanda imo ndani, haikurudishwa nyuma wala kusogezwa mbele, na kitufe bado kiko chini, kama mkono wa Nestory ulivyokiacha. Kanda ile niliirekodi mimi, shambani Ziba, nikiwa kijana mwenye redio ya kurekodia begani, aliyekuja kuomba maji akakuta watu wanalima. Manju anaimba peke yake muda mrefu. Waitikiaji wanaingia mwishoni, tuta likikaribia kuisha, na anayeongoza kuitikia ni msichana. Msichana huyo ni mama yenu. Hata Elieth hakujua, maana mama yenu hakumwambia. Ukimwambia mtu kilichomo mwishoni atasubiri mwisho, hatasikiliza. Nimesubiri, Nestory, nikitamani siku moja uchomeke waya kwa hiari yako. Sina tena siku za kusubiri, na ninaumia kukwambia hivi.

Chomeka, mwanangu. Mkono uleule. Usilie kwanza, utakosa kusikia. Elieth, mshikie kaka yako redio, soketi hiyo imelegea.

Mungu wa mama yenu awape masikio kabla hajawapa sauti. Mvua isiwapite Puge, na mezani kwenu asikosekane mtu. Pale mtakapo... pale mtakapokosana, mmoja amwekee mwenzake wimbo, naye anyamaze mpaka uishe.

Haya. Inazunguka... Huyo ni babu yenu. Acheni aimbe. Msiongeze sauti, inatosha.

Sasa... wanakaribia mwisho wa tuta... Huyo. Huyo, huyo... Martha.

Nimefumba macho tu, Agnetha, usiogope. Nestory, Elieth... msiniambie kama mmeupenda. Niambieni... mmesikia nini.