Ndugu Konsolata Tadei, Aliyekataza Watoto Kushikwa kwa Nguvu

Tarehe 30 Juni 1990, baada ya miaka ishirini na miwili ya kutibu meno katika zahanati ya shamba letu la ngano, Ndugu Konsolata Tadei anastaafu. Habari hii imetushtua. Kwa jinsi anavyoendesha baiskeli, nani angedhani umri umefika?

Alizaliwa Tumati, Mbulu, akaja Hanang akiwa kijana. Enzi hizo mtoto aking'olewa jino alishikwa na watu wazima, huyu miguu, yule kichwa. Kilio kilifika hadi gereji ya matrekta.

Kisha yakatokea ya mavuno ya mwaka 1978. Tukiyakumbuka, mwili bado unasisimka. Mzee Gidahosh, mfugaji wa Getanuwas, alimleta bintiye Zita, shavu limevimba hata jicho halifunguki. Wahudumu walipomshika, mtoto aliponyoka, akatoka mbio, akatokomea ndani ya ngano. Na kombaini ya kuvunia ilikuwa inakuja!

Ndugu Konsolata alikimbia peku, akasimama mbele ya mashine, mikono juu. Dereva Lukasi alifunga breki. Aliposhuka alimkuta Zita amejikunyata karibu kabisa na visu. Lukasi aliketi chini.

Sote tulitegemea mtoto atakaripiwa. Badala yake, Ndugu Konsolata alikaa naye palepale kwenye mabua, akamwambia, "Hakuna atakayekushika tena. Ukiinua mkono, naacha."

Waliporudi, alikaa yeye kwanza kwenye kiti, akampa Zita kioo amkague meno. Kisha Zita akapakatwa na baba yake. Akainua mkono, sindano ya ganzi ikawekwa chini. Akainua tena, ikawekwa chini tena. Tuliokuwa dirishani tulishika vichwa, maana uvimbe ule haukuwa wa kusubiri. Hatimaye mtoto akapanua kinywa mwenyewe, akachomwa ganzi. Jino likatoka bila dawa ya usingizi, bila mtu kumshika.

"Mama, mimi hata ndama namfunga kamba ndipo nimtibu," alisema Mzee Gidahosh, machozi yakimtoka. "Huyu ameamua mwenyewe!"

Tangu siku ile hakuna mtoto aliyeshikwa kwa nguvu katika chumba kile, na matabibu wamekuja kutoka hata Katesh kujifunza kwake.

Ndugu Konsolata, tunakushukuru kwa moyo wote. Nenda salama Tumati. Mungu akujalie afya, mvua kwa wakati wake, na majirani wenye watoto wengi.